Mwenendo wa Soko la Nyumba za Likizo Barani Ulaya

Utangulizi

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sekta ya utalii imejengwa juu ya wazo hilohilo: mgeni aje, atumie fedha zake, na mwenyeji anufaike. Hata hivyo, katika baadhi ya miji ya Ulaya wenyeji wanalalamika kwamba mgeni akija, mwenyeji huhama. Chanzo kikubwa cha malalamiko hayo ni nyumba za kuishi ambazo sasa hupangishwa kwa watalii kwa siku chache chache badala ya kupangishwa kwa wakazi kwa mwaka mzima.

Watahiniwa wengi wanapojibu maswali ya utalii huandika kwamba utalii huleta fedha za kigeni na ajira, kisha huishia hapo. Jibu la namna hiyo halikosei, lakini halijakamilika. Mada hii itakusaidia kuona kwamba nyumba ileile inaweza kumletea mtu mmoja kipato na kumwondolea mwingine makazi. Ukiielewa hoja hiyo, utaweza kujibu swali lolote linalokutaka ujadili au utathmini athari za utalii.

Maana ya dhana muhimu

*Nyumba ya likizo* ni nyumba, fleti au chumba ambacho mgeni hupanga kwa muda mfupi akiwa mapumzikoni. Humo mgeni hupata jiko, sebule na vifaa vya nyumbani, naye hujihudumia mwenyewe. Hapo ndipo inapotofautiana na hoteli.

*Upangishaji wa muda mfupi* ni kumpa mpangaji nyumba kwa usiku mmoja au kwa wiki chache. *Upangishaji wa muda mrefu* ni kumpa mpangaji nyumba aishi humo kwa miezi au miaka, kwa mkataba.

*Nyumba ya pili* ni nyumba ambayo mwenyewe haishi humo siku zote. Huitumia wakati wa likizo, na pengine huipangisha anapokuwa hayupo.

*Jukwaa la mtandaoni* ni tovuti au programu ya simu inayowakutanisha mwenye nyumba na mgeni, hupokea malipo na kukata kamisheni. Mifano ni Airbnb, Booking.com na Vrbo.

Zingatia: neno *kodi* lina maana mbili. Katika mada hii, *kodi ya pango* ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na *ushuru* ni malipo yanayokwenda serikalini. Ukizichanganya maana hizi katika mtihani, hoja yako itapotoka.

Chimbuko la soko hili

Nyumba za likizo hazikuanza na intaneti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wengi wa Ulaya walihamia mijini na nyumba nyingi za mashambani zikabaki tupu. Huko Ufaransa, wakulima walihimizwa kukarabati nyumba hizo na kuwapangisha watu wa mijini waliotaka mapumziko ya bei nafuu. Shirikisho la Gîtes de France liliundwa mwaka 1955 kwa kazi hiyo. Lengo lilikuwa kumwongezea mkulima kipato na kuzuia kijiji kisife.

Katika kipindi hicho mgeni alichagua nyumba kwenye kitabu cha picha cha wakala, akaandika barua au kupiga simu, akapanga nyumba kwa wiki nzima. Soko lilikuwa la vijijini, pwani na milimani, na lilitegemea likizo za majira ya joto.

Tangu hapo soko limepita katika mabadiliko makubwa manne:

1. Kutoka kwa wakala kwenda kwenye jukwaa la mtandaoni.
2. Kutoka vijijini na pwani kwenda katikati ya miji mikubwa.
3. Kutoka chumba cha ziada cha familia kwenda kwenye biashara ya wawekezaji wenye nyumba nyingi.
4. Kutoka uhuru wa kupangisha kwenda kwenye leseni, ukomo na marufuku.

Ukiulizwa kuhusu mwenendo wa soko, mabadiliko haya manne ndiyo mifupa ya jibu lako.

Sababu za kukua kwa soko

*Usafiri wa ndege wa nauli nafuu.* Katika miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulilegeza masharti ya usafiri wa anga. Kufikia mwaka 1997, shirika la ndege la nchi mwanachama liliweza kuruka njia yoyote ndani ya Umoja huo. Mashirika kama Ryanair na easyJet yalipanuka haraka, na nauli zikashuka. Mtu wa kipato cha kati akaweza kwenda mji wa nchi nyingine kwa siku tatu tu. Mgeni wa siku tatu hahitaji nyumba ya wiki nzima mashambani. Anahitaji fleti karibu na mitaa anayotaka kuitembelea.

*Teknolojia ya mawasiliano.* Booking.com ilianzia Uholanzi mwaka 1996, na Airbnb ilianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008. Majukwaa haya yalitatua tatizo la zamani la uaminifu. Mgeni husoma maoni ya waliomtangulia, huona picha, na hulipa kupitia jukwaa. Mwenye nyumba hupata wateja wa dunia nzima bila kufungua ofisi.

*Urahisi wa mipaka na fedha.* Nchi nyingi za Ulaya zimeondoa ukaguzi wa kawaida wa mipakani na zinatumia sarafu moja, Euro. Kroatia, ambayo pwani yake ya Adriatiki ni kivutio kikubwa, iliingia katika mipango yote miwili mwezi Januari 2023.

*Bei na nafasi.* Familia ya watu watano ikilala hotelini huhitaji vyumba viwili au vitatu na kula mgahawani. Ikipanga nyumba, hulala pamoja na kujipikia.

*Mabadiliko ya kazi.* Baada ya janga la UVIKO-19, watu wengi waliruhusiwa kufanya kazi wakiwa mbali na ofisi. Baadhi yao hupanga nyumba ya likizo kwa mwezi mmoja au zaidi, wakifanya kazi na kupumzika papo hapo.

Hali ya soko kwa takwimu

Ulaya hupokea zaidi ya nusu ya watalii wote wa kimataifa duniani. Hispania peke yake, yenye wakazi wasiofika milioni 50, ilipokea wageni wa kimataifa karibu milioni 94 mwaka 2024.

Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, Eurostat, hukusanya taarifa za majukwaa makubwa manne. Kabla ya UVIKO-19, mwaka 2019, siku za kulala zilizopangwa kupitia majukwaa hayo zilizidi milioni 500. Mwaka 2020 ziliporomoka kwa takriban nusu kwa sababu ya kufungwa kwa mipaka. Soko lilirudi kwa kasi: mwaka 2023 zilifika takriban milioni 719, na mwaka 2024 takriban milioni 854. Hili ni ongezeko la karibu asilimia 19 kwa mwaka mmoja.

Mambo mawili yajitokeza. Kwanza, soko limejikusanya katika maeneo machache: Andalucía nchini Hispania, pwani ya Kroatia, kusini mwa Ufaransa, na miji kama Paris, Barcelona, Lisbon na Roma. Pili, soko hufuata majira. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kilele, kwa sababu shule hufungwa na jua ni kali. Wakati wa baridi, nyumba nyingi za pwani hubaki tupu huku zile za milima ya Alpi zikijaa watelezaji wa theluji. Miji mikubwa ndiyo hupata wageni karibu mwaka mzima, na hiyo ni sababu moja ya wawekezaji kuikimbilia.

Hesabu ya mwenye nyumba

Ili kuelewa kwa nini nyumba za wakazi hugeuzwa kuwa za watalii, fuata hesabu ifuatayo. Ni mfano wa kufundishia, si bei za mji fulani.

Chukulia fleti inayoweza kupangishwa kwa mkazi kwa Euro 1,200 kwa mwezi, au kwa mtalii kwa Euro 110 kwa usiku. Chukulia pia kwamba wageni huijaza kwa wastani wa siku 18 kila mwezi, na kwamba usafi, kamisheni ya jukwaa na matengenezo hula asilimia 30 ya mapato ya watalii.

- Mkazi kwa mwaka: 1,200 × 12 = Euro 14,400.
- Watalii kwa mwaka: siku 216 × 110 = Euro 23,760. Toa asilimia 30, yaani 7,128. Hubaki Euro 16,632.

Mwenye nyumba akichagua watalii, hupata Euro 2,232 zaidi, na anaweza kuitumia nyumba yake mwenyewe siku zisizo na mgeni. Wenye nyumba wengi wa mtaa mmoja wakipiga hesabu hiyohiyo, nyumba za wakazi hupungua. Mahitaji yakibaki palepale na ugavi ukapungua, kodi ya pango hupanda. Hii ndiyo kanuni ya mahitaji na ugavi, nayo ndiyo kiini cha mada yote.

Faida za soko la nyumba za likizo

(i) *Kipato kwa familia.* Mjane mwenye nyumba kubwa, au mkulima mwenye jengo la ziada, hupata fedha bila kuuza mali yake.

(ii) *Ajira.* Wasafishaji, mafundi, madobi, madereva na wauza duka hupata kazi.

(iii) *Uhai wa vijiji.* Katika maeneo yaliyohamwa, wageni huwezesha duka la mikate na mgahawa kuendelea kufunguliwa, na nyumba za kale hukarabatiwa badala ya kubomoka.

(iv) *Mapato ya serikali.* Miji mingi hutoza ushuru wa kitalii kwa kila usiku anaolala mgeni.

(v) *Kubeba wageni wa msimu.* Wakati wa sherehe au mashindano makubwa, mji hupata vitanda vya ziada bila kujenga hoteli ambazo baadaye zitakaa tupu.

Athari hasi

(i) *Kupanda kwa kodi ya pango.* Mwaka 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alisema kodi ya pango mjini humo ilikuwa imepanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi. Kumbuka kwamba nyumba za likizo si sababu pekee. Uhaba wa ujenzi, ongezeko la watu na ununuzi wa nyumba kama kitega uchumi pia huchangia. Mtahiniwa mzuri hulitaja jambo hili.

(ii) *Kuhama kwa wenyeji.* Mfano ulio wazi ni Venice nchini Italia. Mwaka 1951 mji wake wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi ilishuka chini ya 50,000. Kuhama huko kulianza muda mrefu kabla ya majukwaa ya mtandaoni, kwa sababu ya mafuriko, gharama za maisha na uhaba wa kazi zisizo za kitalii. Nyumba za likizo ziliongeza kasi, na leo vitanda vya watalii katika mji huo wa kale vimefikia na kuizidi idadi ya wakazi.

(iii) *Kudhoofika kwa huduma za jamii.* Wakazi wakipungua, wanafunzi hupungua na shule hufungwa. Duka la mboga hugeuka duka la vinyago vya kumbukumbu.

(iv) *Kero kwa majirani.* Kelele za usiku, taka nyingi na wageni wasiojulikana kwenye ngazi za jengo.

(v) *Ukosefu wa ajira ya kudumu.* Kazi za msimu huisha wageni wanapoondoka. Hata mhudumu wa hoteli au mwalimu aliyehamishiwa kisiwani huweza kukosa mahali pa kuishi.

Malalamiko haya yamefika barabarani. Mwezi Aprili 2024 maelfu ya watu waliandamana katika Visiwa vya Kanari, na Julai mwaka huohuo waandamanaji wa Barcelona waliwamwagia watalii maji kwa bastola za kuchezea.

Hatua zilizochukuliwa na serikali

*Ukomo wa siku.* Amsterdam iliweka ukomo wa siku 30 kwa mwaka kuanzia 2019. Paris ilikuwa na ukomo wa siku 120 kwa mtu anayepangisha makazi yake, kisha ikaupunguza hadi siku 90 kuanzia 2025.

*Leseni na namba ya usajili.* Italia inaitaka kila nyumba ya likizo iwe na namba ya utambulisho ya kitaifa. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024 inayoyataka majukwaa kuzipa mamlaka taarifa za nyumba zinazopangishwa, ikianza kutumika Mei 2026.

*Marufuku.* Palma, mji mkuu wa kisiwa cha Mallorca, ulipiga marufuku upangishaji wa fleti kwa watalii mwaka 2018. Florence ilizuia nyumba mpya za likizo katika mji wake wa kale mwaka 2023. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa, hivyo fleti hizo zitatoweka sokoni kufikia Novemba 2028.

*Kudhibiti nyumba za pili.* Mwaka 2012 wananchi wa Uswisi walipiga kura ya maoni na kuamua kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba za kila manispaa. Nchini Wales, tangu Aprili 2023, halmashauri zinaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya ushuru wa kawaida wa makazi.

Je, ukomo wa siku hufanyaje kazi?

Rudi kwenye hesabu yetu. Tumia bei ileile ya Euro 110 na gharama zilezile za asilimia 30:

- Siku 120: 13,200 toa 3,960 = Euro 9,240.
- Siku 90: 9,900 toa 2,970 = Euro 6,930.
- Siku 30: 3,300 toa 990 = Euro 2,310.

Kiasi chote hiki ni kidogo kuliko Euro 14,400 za mkazi. Kwa hiyo mwekezaji aliyenunua fleti kwa ajili ya watalii pekee atapata hasara akilinganisha, na atashawishika kumpa mkazi. Lakini mtu anayeishi katika fleti hiyo mwaka mzima, na kuipangisha anapokuwa safarini, bado atapata Euro 6,930 ambazo asingezipata. Sheria hiyo moja humruhusu mwenyeji na kumzuia mwekezaji. Hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Udhaifu wake ni usimamizi. Bila taarifa za majukwaa, halmashauri haiwezi kujua nyumba fulani imepangishwa siku ngapi. Ndiyo maana namba za usajili na kanuni ya Umoja wa Ulaya zina umuhimu mkubwa. Marufuku kamili ni rahisi zaidi kusimamia, lakini humnyima kipato hata mjane mwenye chumba kimoja, na huweza kuwasukuma wengine kupangisha kwa siri.

Uhusiano na pwani ya Afrika Mashariki

Waulaya hawapangi nyumba kwao tu. Malindi na Watamu, nchini Kenya, zimekuwa na Waitaliano wenye nyumba za likizo kwa miongo mingi, na huko Lamu wageni wamenunua nyumba za kale za mawe. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu ni maeneo ya Urithi wa Dunia, kama ilivyo Venice na Florence. Ukiulizwa nchi zetu zijifunze nini kutoka Ulaya, jibu lianze na kusajili nyumba za likizo mapema, kabla wenyeji hawajahama.

Namna ya kujibu swali

*Swali la mfano:* "Nyumba za likizo ni baraka na pia ni mzigo kwa miji ya Ulaya." Jadili.

Neno *jadili* linadai pande zote mbili. Anza kwa kueleza maana ya nyumba ya likizo. Toa hoja tatu za baraka na tatu za mzigo, kila moja ikiwa na mfano wa mahali halisi. Kisha toa msimamo wako na sababu yake. Msimamo unaokubalika, kwa mfano, ni kwamba athari hutegemea mahali: kijiji kilichohamwa hufaidika kwa sababu nyumba zilikuwa tupu, ilhali mji uliojaa huumia kwa sababu nyumba zilikuwa na watu.

*Makosa ya kuepuka:*

- Kuorodhesha hoja bila kuzieleza.
- Kuandika "Ulaya" kana kwamba ni nchi moja. Taja mji au nchi.
- Kudai kwamba nyumba za likizo pekee ndizo zilizopandisha kodi ya pango.
- Kutaja sheria bila kueleza inafanyaje kazi.

Maswali ya kujipima

1. Toa tofauti mbili kati ya nyumba ya likizo na hoteli.
2. Eleza jinsi usafiri wa ndege wa nauli nafuu ulivyohamisha soko kutoka vijijini kwenda mijini.
3. Fleti hupangishwa kwa mkazi kwa Euro 900 kwa mwezi, au kwa watalii kwa Euro 80 kwa usiku, gharama zikiwa asilimia 30. Tafuta idadi ya siku ambazo mwenye nyumba anapaswa kupata watalii kwa mwaka ili asipungukiwe. (Jibu: siku 193.)
4. Kwa kutumia jibu lako la swali la 3, eleza kwa nini ukomo wa siku 90 humkatisha tamaa mwekezaji.
5. Kwa nini haitoshi kusema kwamba majukwaa ya mtandaoni ndiyo yaliyosababisha wakazi wa Venice kupungua?
6. Ukiwa diwani wa mji wa kale wenye watalii wengi, ungechagua ukomo wa siku au marufuku kamili? Tetea uamuzi wako kwa hoja tatu.